Mkazo upi hasa unaoipasua seli nyekundu ya damu?

Pampu ya moyo, valvu ya bandia na mashine ya kusafisha damu zote huharibu seli nyekundu kwa kiasi fulani. Anayebuni kifaa cha namna hii anatakiwa akijue kiasi hicho mapema, kabla kifaa hakijawekwa ndani ya mtu. Damu ikipita kwa utulivu, tabaka juu ya tabaka, makadirio yanapatikana kwa urahisi zaidi, ingawa nayo yana kosa lake. Ikianza kusukasuka, mahesabu mawili ya kifaa kilekile yaliyofanywa na watu makini yanaweza kupishana mara kumi na zaidi. Chanzo kikubwa cha mkanganyiko huo ni kipimo kiitwacho mkazo wa Reynolds, ambacho kwa miaka mingi kimesomwa kana kwamba ni nguvu inayoishika seli. Haiishiki, na hesabu iliyojengwa juu ya dhana hiyo hupotoka tangu mstari wa kwanza.

Madhara yake ni makubwa mwilini. Seli ikipasuka humwaga himoglobini kwenye plazima. Protini ya haptoglobini huidaka ili iondolewe kwenye damu, lakini akiba yake haichukui muda kuisha. Ikishaisha, himoglobini iliyobaki huru hufyonza oksidi ya nitriki, kemikali inayolegeza mishipa. Mishipa hubana, na kiasi kinachopenya kwenye figo huziumiza na kuufanya mkojo uwe mwekundu au kahawia. Mtu mzima mwenye afya huwa na chini ya miligramu 50 za himoglobini huru kwa lita ya plazima. Kwa wagonjwa wenye pampu za moyo, rejista ya Marekani iitwayo INTERMACS imetumia miligramu 200 kwa lita kama mojawapo ya alama za kutambua kwamba seli zinaharibiwa kupita kiasi.

Kwa wasomaji wa Afrika Mashariki mfano ulio karibu zaidi ni valvu za moyo. Homa ya baridi yabisi bado inaharibu mioyo ya vijana wengi wa eneo hili, na baadhi yao huishia kuwekewa valvu za bandia. Valvu ikikaa vizuri hupasua seli chache tu. Nyuzi za mshono zikiachia kidogo pembeni ya pete ya valvu, damu hurudi nyuma kwa kasi kupitia ufa mwembamba, na hapo ndipo msukosuko mkali huzaliwa. Maabara huliona hilo kwa njia tatu: kimeng'enya cha LDH, kinachomwagwa na seli zilizopasuka, hupanda, haptoglobini hushuka hadi karibu kutoonekana, na kwenye kioo cha hadubini hutokea vipande vya seli vyenye ncha kali. Swali la makala haya ni jinsi ya kuyatabiri hayo kwa hesabu.

Seli yenyewe inavumilia nini

Seli nyekundu ina kipenyo cha mikromita 8 hivi, na ukingo wake una unene wa mikromita 2 na ushee. Ujazo wake ni kama femtolita 90, na eneo la utando wake ni kama mikromita za mraba 135 hadi 140. Tufe lenye ujazo huohuo lingehitaji mikromita za mraba 97 tu. Kwa hiyo seli ina utando wa ziada wa karibu asilimia 40, mfano wa mfuko wa plastiki uliotiwa maji nusu: unaukunja, unaurefusha, unaupitisha penye nafasi finyu, na haupasuki.

Ziada hiyo ndiyo inayoiwezesha seli kupenya kapilari nyembamba kuliko yenyewe kwa muda wa siku 120 hivi za uhai wake. Lakini utando ukishanyooka wote, hali hubadilika ghafla. Eneo lake likilazimishwa kuongezeka kwa asilimia 2 hadi 4 tu, hufunguka matundu na himoglobini, ambayo molekuli yake ina upana wa nanomita 5 au 6, huanza kuchuruzika. Si lazima seli ichanike vipande. Inaweza kuvuja, ikajifunga tena, ikaendelea na safari ikiwa imepungukiwa.

Kunyooka huko kunahitaji muda pia. Katika vipimo vya mitungi miwili inayozunguka, ambamo damu hukaa kwenye mkazo usiobadilika, Leverett na wenzake waliripoti mwaka 1972 kwamba uharibifu hupanda kwa kasi kuanzia paskali 150 damu ikikaa humo sekunde 120. Chini ya hapo, waliona kwamba mgusano wa seli na kuta za chombo una uzito kuliko mkazo wenyewe. Mkazo ukidumu milisekunde chache tu, seli huvumilia zaidi ya hapo kwa mbali. Kila kizingiti cha mkazo kinachotajwa bila muda wake kimesemwa nusu.

Mkazo wa Reynolds unapima kitu gani

Mwaka 1895 Osborne Reynolds aligawa kasi ya kimiminika kinachosukasuka katika sehemu mbili, wastani na mchepuko kutoka kwenye wastani huo. Ukiingiza mgawanyo huo kwenye milinganyo ya mwendo kisha ukatafuta wastani, linabaki neno jipya: densiti ikizidishwa kwa wastani wa zao la michepuko miwili ya kasi. Vizio vyake ni paskali, na kwenye mlinganyo linakaa palepale mkazo wa mnato unapokaa. Ndiyo maana likaitwa mkazo. Lakini lilichobeba ni takwimu ya jinsi mizunguko ya maji inavyohamisha kasi kutoka sehemu moja ya mtiririko kwenda nyingine.

Chukua mzunguko wenye upana wa milimita 1. Seli iliyomo ndani yake ni ndogo mara 125. Mzunguko unaibeba seli nzima, kichwa na mkia, kwa kasi ileile karibu kabisa. Kinachoweza kuivuta seli ni tofauti ya kasi kati ya upande wake mmoja na mwingine, ndani ya umbali wa mikromita 8, na tofauti hiyo huifikia seli kwa njia ya mnato peke yake.

Hesabu ndogo inaonyesha pengo lilivyo. Tuseme kifaa kina mkazo wa Reynolds wa paskali 400. Densiti ya damu ni kama kilo 1056 kwa mita ya ujazo, hivyo mchepuko wa kasi ni kipeuo cha pili cha 400/1056, yaani mita 0.62 kwa sekunde. Ikiwa mizunguko mikubwa ina upana wa milimita 1, nishati inayogeuka joto kila sekunde kwa kila kilo hukadiriwa kwa mchepuko kipeo cha tatu ukigawiwa kwa upana huo: wati 233 hivi kwa kilo. Mkazo wa mnato unaolingana nao ni kipeuo cha pili cha zao la mnato, densiti na upotevu huo wa nishati. Kwa mnato wa paskali-sekunde 0.0035, jibu ni paskali 29. Yaani kati ya zile 400, seli yetu inaonja wastani wa 29.

Sasa punguza upana wa mizunguko hadi robo milimita, mkazo wa Reynolds ukibaki 400 vilevile. Upotevu wa nishati unapanda mara nne na mkazo wa mnato unafika paskali 59. Mkazo wa Reynolds ni uleule, mateso ya seli yameongezeka maradufu.

Hapa ndipo vizingiti vinavyogombana kwenye maandishi ya fani hii vinapopata maelezo. Sutera na Mehrjardi mwaka 1975 walitaja paskali 250 katika mtiririko wa msukosuko, seli zikikaa humo dakika 4. Sallam na Hwang mwaka 1984, kwa mchirizi wa kasi wa maji unaotoka kwenye mrija mwembamba, walitaja paskali 400 za mkazo wa Reynolds kwa muda wa milisekunde 1 hivi. Lu na wenzake mwaka 2001, nao kwa mchirizi wa maji, wakafika 800. Kila maabara ilikuwa na mizunguko ya ukubwa wake na muda wake. Ndani ya chombo kimoja mkazo wa Reynolds unapanda pamoja na uharibifu, kwa kuwa vyote viwili vinafuata nguvu ya mtiririko, na hilo ndilo lililowapa watu imani. Kuichukua namba hiyo na kuihamishia kwenye kifaa chenye vipimo vingine ndiko kunakoleta makosa.

Hii haina maana kwamba msukosuko hauna madhara. Kameneva na wenzake mwaka 2004 walipitisha seli za ng'ombe kwenye mrija mwembamba wakibadilisha mnato wa kimiminika, ili mkazo kwenye ukuta uwe sawa katika hali mbili, tulivu na ya msukosuko. Kwenye msukosuko seli ziliharibika zaidi. Mizunguko midogo ilikuwa na kazi yake, hata kama jina la mkazo wa Reynolds haliielezi.

Mizunguko midogo kabisa

Nishati ya mzunguko mkubwa hugawiwa kwa midogo, na midogo kwa midogo zaidi, mpaka mnato uimeze. Upana wa mizunguko ya mwisho, uitwao kipimo cha Kolmogorov, hupatikana kwa kuchukua mnato uliogawiwa kwa densiti, kuupandisha kipeo cha tatu, kuugawa kwa upotevu wa nishati, kisha kutafuta kipeuo cha nne. Kwa damu, upotevu wa wati 100 kwa kilo unatoa mikromita 25 na mkazo wa paskali 19. Wati 1,000 zinatoa mikromita 14 na paskali 61. Wati 10,000 zinatoa mikromita 7.8 na paskali 192. Ukitafuta upotevu unaofikisha paskali 150 za Leverett, unapata kama wati 6,100 kwa kilo, na mizunguko yake ya mwisho ina upana wa mikromita 8.8. Huo ni ukubwa wa seli yenyewe. Ozturk, O'Rear na Papavassiliou walipochambua upya majaribio ya zamani walikuta uhusiano wa namna hiyohiyo: uharibifu hufuata wingi wa mizunguko midogo, hasa ile isiyozidi mikromita 10.

Mkutano huo wa namba unavutia, ila usibebwe kupita uwezo wake. Hesabu ya Kolmogorov inaichukulia damu kama kimiminika cha aina moja. Kwenye hematokriti (sehemu ya damu iliyo seli nyekundu) ya asilimia 40 au 45, nafasi kati ya seli na seli ni mikromita moja au mbili, na mzunguko wa mikromita 8 hauna pa kuzungukia. Antiga na Steinman waliliweka wazi jambo hili mwaka 2009: penye vipimo hivyo nishati inamezwa kwenye plazima nyembamba iliyobanwa kati ya seli jirani zinazosuguana. Kwa hiyo upotevu wa nishati ni kipimo kizuri cha ukali wa mazingira, lakini picha ya kizunguko kimoja kikiikamua seli moja ni ya kurahisisha mambo tu.

Kutoka mkazo hadi asilimia ya himoglobini

Kanuni inayotumika kuliko zote husema: asilimia ya himoglobini iliyovuja ni namba isiyobadilika C, mara muda kwa kipeo α, mara mkazo kwa kipeo β. Giersiepen na wenzake mwaka 1990 walitoa C = 0.0000362, α = 0.785 na β = 2.416. Namba za Heuser na Opitz, kwa damu ya nguruwe, ni 0.0000018, 0.765 na 1.991. Zhang na wenzake mwaka 2011, kwa damu ya kondoo, walipata 0.00001228, 0.6606 na 1.9918.

Ziweke zote kwenye hali moja, paskali 150 kwa sekunde 0.1. Ya kwanza inajibu asilimia 1.07. Ya tatu inajibu 0.058. Ya pili inajibu 0.0067. Kati ya kubwa na ndogo kuna tofauti ya mara 160, kabla hata hatujagusa suala la msukosuko. Ya Giersiepen inajulikana kwamba inakadiria juu, kwa sababu kwenye chombo kilichotoa data zake, sehemu za kuzuia uvujaji nazo zilikuwa zinasaga seli.

Muda una mtego wake. Kipeo chake kiko chini ya 1, hivyo ukiigawa njia ya seli katika vipande na kujumlisha uharibifu wa kila kipande kana kwamba seli imeanza upya, jumla inavimba kadiri vipande vinavyoongezeka. Kwa vipande 100, kanuni ya Giersiepen inavimba mara 2.7 na ya Zhang mara 4.8, mkazo ukiwa uleule mwanzo hadi mwisho. Anayepunguza hatua za muda akidhani anaongeza usahihi anaongeza kosa. Dawa yake ni mbinu iliyopendekezwa na Garon na Farinas mwaka 2004: pandisha uharibifu kwa kipeo 1/α, upate kiasi kinachojumlishika sawasawa kwa muda, ukisafirishe na mtiririko kama unavyosafirisha rangi iliyomwagwa majini, kisha kwenye mlango wa kutokea urudishe kwa kipeo α. Wastani pale mlangoni upimwe kwa wingi wa damu inayopita. Wastani wa eneo hauwezi kuchukua nafasi yake.

Angalia matokeo ya badiliko hilo. Chanzo cha uharibifu sasa kinafuata mkazo kwa kipeo β/α, ambacho kwa Giersiepen na kwa Zhang kinakaribia 3. Eneo dogo lenye mkazo mkali, labda mwanya kati ya ncha ya pangaboi na ganda la pampu, linaweza kutawala jibu zima.

Kwenye kompyuta

Uigaji mwingi wa viwandani hutumia wastani wa mtiririko, na mtindo wa kukadiria msukosuko uitwao k-omega SST ndio wa kawaida kwa pampu. Kosa linalojirudia ni kuchukua mkazo kutoka kwenye kasi za wastani pekee. Hapo msukosuko wote umeachwa nje, na maeneo ya nyuma ya valvu au pembezoni mwa mchirizi wa kasi wa damu yanaonekana salama. Kosa la pili ni la upande wa pili, kuongeza mkazo wa Reynolds mzimamzima. Njia inayotetewa vizuri zaidi ni kujumlisha nishati: upotevu wa mtiririko wa wastani, yaani mara mbili ya mnato uliogawiwa kwa densiti mara mraba wa kasi ya mnyumbuko, ukiongeza upotevu wa msukosuko, ambao kwenye k-omega ni 0.09 mara k (nishati ya msukosuko kwa kila kilo) mara omega (kasi ya kupotea kwake). Jumla hiyo izidishwe kwa mnato na densiti, uchukue kipeuo cha pili, upate mkazo wa kuingiza kwenye kanuni.

Gridi ya hesabu ijaribiwe kwa kiashiria cha uharibifu chenyewe. Shinikizo la pampu hutulia mapema, gridi ikiwa bado ya wastani. Upotevu wa nishati huchelewa sana, kwa kuwa umejificha kwenye tabaka jembamba la ukutani. Kisanduku cha kwanza cha gridi kiwe ndani ya y+ ya 1, y+ ikiwa kipimo kisicho na vizio cha umbali kutoka ukutani. Kosa la asilimia 20 kwenye mkazo, kwa β ya 2.416, linatoa kosa la asilimia 55 kwenye jibu.

Kinachobaki nje hata ukifanya yote hayo ni vilele. Upotevu wa nishati katika msukosuko huja kwa mipasuko. Papo hapo unaweza kuwa mara nyingi ya wastani wake. Kipeo cha mkazo kikiwa 2, wastani unatosha kwa kiasi, kwa kuwa mraba wa mkazo unakwenda sambamba na nishati. Lakini ikiwa utando una kizingiti, vilele ndivyo vinavyovuka, na wastani hauvioni. Hapo inahitajika hesabu inayofuata mizunguko yenyewe, pamoja na kielelezo cha umbo la seli kama kile cha Arora, Behr na Pasquali cha mwaka 2004, ambacho huiacha seli ijinyooshe na kujirudi kwa muda wa milisekunde 200 hivi. Kielelezo hicho kinaeleza kwa nini kilele cha milisekunde moja hakina uzito sawa na mkazo wa kudumu. Kuna pia tofauti ya aina ya mkazo: kuvutwa kwa urefu hurefusha seli zaidi kuliko kusuguliwa na tabaka jirani, ingawa kanuni ya vipeo huvihesabu kwa namba moja.

Kulinganisha na damu halisi

Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, ilitengeneza nozeli ya majaribio: bomba la milimita 12 linabanwa hadi koo la milimita 4 lenye urefu wa milimita 40, kisha linapanuka. Matokeo ya vikundi 28 vilivyoiiga bila kuona vipimo kwanza yalichapishwa mwaka 2012. Vilipishana sana, hasa mbele ya koo, mahali mchirizi wa maji unapovunjika. Anayeanza kazi hii aanze na nozeli hiyo. Data zake ziko wazi.

Kwa pampu, kiwango F1841 cha shirika la viwango la ASTM kinaelekeza kuzungusha mililita 450 za damu kwa lita 5 kwa dakika dhidi ya shinikizo la 100 mmHg, kwenye nyuzi joto 37, kwa saa 6. Kiashiria chake ni ongezeko la himoglobini huru, mara ujazo, mara sehemu ya plazima, kikigawiwa kwa damu yote iliyopita, kwa gramu kwa kila lita 100. Himoglobini ikipanda kwa gramu 0.1 kwa lita na hematokriti ikiwa asilimia 30, jibu ni 0.00175.

Makosa hapa ni ya mikono. Sindano nyembamba ikivutwa kwa nguvu hupasua seli ndani ya bomba la sindano, jambo analolijua kila mtaalamu wa maabara aliyewahi kukataa sampuli nyekundu. Mapovu ya hewa hupasua seli. Kiungio chenye ukingo ndani ya mrija huunda mchirizi wake wa msukosuko na pampu ndiyo inayolaumiwa. Kwa hiyo mzunguko wa pili wenye pampu inayojulikana uendeshwe sambamba, kwa damu ya mfuko uleule, siku ileile.

Taskin na wenzake mwaka 2012 walilinganisha mbinu za hesabu na vipimo vya damu wakaona kwamba namba zenyewe hazikubaliani, ila mpangilio wa vifaa kutoka kibaya hadi kizuri mara nyingi unashika. Hayo ndiyo matumizi ambayo kanuni hizi zinayastahili leo. Zungusha miundo inayoshindana kwa seti zote tatu za vipeo. Muundo ukishinda kwenye zote, endelea nao. Mpangilio ukigeuka kati ya seti moja na nyingine, kwa kawaida ni kwa sababu muundo mmoja una mkazo mkali wa muda mfupi na mwingine mkazo mdogo wa muda mrefu. Hapo hesabu imefika mwisho wake na yote miwili ipelekwe kwenye damu.